Kuitunza Super Cub ya miaka ya 1950 chini ya jua la Arusha

Injini ya Lycoming O-320, inayosukuma ndege ndogo ya Piper Super Cub, ina kamshafti (mhimili unaofungua vali) juu ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Ukiizima, oili huteremka kwenda chini, na baada ya wiki kadhaa ile kamshafti hubaki kavu, ikiliwa na unyevu ambao injini yenyewe iliuacha ndani mara ya mwisho ilipofanya kazi. Kutu ikishaweka vidoa pale juu, siku utakayoiwasha tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti, zinaanza kukwanguana nayo, na chembe za chuma zinazunguka na oili mpaka kwenye beringi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu ndege za zamani. Kadiri miaka inavyokwenda nazidi kuamini kuwa ndilo kubwa kuliko yote: ukitaka ndege ya aina hii ibaki hai, irushe.

Mimi ni fundi ndege hapa Arusha. Kazi inayonilisha ni Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikitunza pia Piper Super Cub moja ya miaka ya 1950, mali ya rubani mstaafu ambaye hangani sote tunamwita Kapteni. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, tairi dogo mkiani, na mwili wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa. Piper walianza kuzitengeneza mwaka 1949 kule Lock Haven, Pennsylvania. Huku kwetu zilipendwa kwa sababu zinaruka polepole na chini, zinatua kwenye uwazi mdogo porini, na aliyekaa ndani anaona vizuri pande zote mbili. Mtu wa kuhesabu nyumbu au kufuatilia majangili hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameajiriwa East African Airways, Nairobi, akifanya kazi kwenye Dakota, zile ndege za abiria za Douglas DC-3. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 alirudi kwao Moshi na ujuzi wake wote. Waliomfundisha yeye walikuwa wamezigusa Dragon Rapide, zile ndege za mbao na kitambaa ambazo shirika hilo lilianza nazo mwaka 1946. Kwa hiyo ninaposhona kitambaa kwenye ubavu wa bawa najua mkono wangu ulielekezwa na nani, na mkono wake ulielekezwa na nani. Moshi yenyewe si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1932, Imperial Airways ilipofungua njia ya barua kutoka Uingereza hadi Cape Town, ndege zilishuka kutoka Nairobi zikatua Moshi, kisha zikaendelea Dodoma na Mbeya. Vijana wengi wa huku hawajawahi kusikia habari hiyo, na mimi hupenda kuwaeleza tukiwa tunasubiri rangi ikauke.

Nirudi kwenye kuruka. Masika moja mvua ilikaa muda mrefu na mawingu yakakalia Meru mpaka chini. Kapteni akaniambia, "Fundi, kama siwezi kuruka, basi nitakuwa nakuja Jumamosi naiwasha dakika kumi, inapashwa moto, naizima." Wenye ndege wengi hufikiri hivyo, na nia yao ni njema kabisa. Nikamwambia, "Kapteni, kwa heshima yako, bora usiiguse." Injini ikiwaka chini kwa dakika kumi inatengeneza maji, kwa sababu petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo hupita kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Ili maji hayo yatoke, oili inapaswa kufika joto la nyuzi 80 hivi na kukaa hapo nusu saa au zaidi, na joto la namna hiyo hupatikana angani. Ukiiwasha chini na kuizima, umeongeza maji na hukutoa hata tone. Nikamshauri tuilaze injini rasmi: oili maalumu ya kuhifadhia, plagi za kukausha unyevu kwenye silinda, matundu yote yazibwe, na kibao kikubwa kwenye propela cha kumzuia mtu yeyote asiizungushe. Alikubali kwa shingo upande. Kwake ndege iliyozibwa ilikuwa kama mgonjwa kitandani.

Mzee alikuwa na kauli kuhusu Dakota ambayo naipitisha kwa kila anayeingia hangani, ingawa Super Cub haina tatizo hilo. Injini ya Dakota, Twin Wasp, ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara. Ikilala, oili huingia kwenye silinda za chini. Ukibonyeza swichi bila kuizungusha propela kwa mkono kwanza, pistoni inakutana na oili isiyobanika, na fimbo ya pistoni inapinda. Alikuwa anasema, "Kijana wangu, ndege ya zamani isalimie kwa mkono kabla hujaiamuru kwa swichi." Sijawahi kupewa nafasi ya kuzungusha propela ya Dakota, na ningeipokea leo hii.

Kitambaa ndicho kinachonichukulia muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Watu huogopa kusikia kwamba bawa limevikwa nguo. Kitambaa chenyewe hakina tatizo. Adui wake ni jua, na hapa tuko karibu na ikweta, juu ya mita 1,300, jua halina huruma. Zamani ilitumika pamba ya daraja la A, ambayo ikiwa mpya inahimili mvuto wa paundi 80 kwa kila inchi ya upana. Ikishuka chini ya 56, yaani asilimia 70 ya nguvu yake, hairuhusiwi kuruka. Siku hizi tunatumia poliesta, inayodumu zaidi, lakini nayo miali ya jua inaikata nyuzi moja moja usipoikinga. Kinga yenyewe ni ile rangi ya fedha inayopakwa kabla ya rangi ya juu. Mle ndani kuna unga wa alumini, na unga huo ndio unaozuia miali isifike kwenye nyuzi. Ukiona ndege ya kitambaa inang'aa rangi nzuri, usishangilie bado. Ingia ndani gizani, mtu mwingine apitishe taa upande wa nje, uangalie kama mwanga unapenya. Ukipenya, mpakaji wa mwisho aliipaka kidogo mno ile rangi ya fedha, na kitambaa hicho kinakufa taratibu chini ya rangi inayopendeza.

Tulipovua mabawa yote mawili ya Super Cub ya Kapteni, tulizikuta mbavu za alumini zikiwa nzuri kuliko tulivyotarajia, na vumbi jekundu la miaka mingi likiwa limejaa kwenye kona za nyuma. Kitambaa kipya hugundishwa kwanza kikiwa kimelegea kidogo, kisha hukazwa kwa pasi. Ndiyo, pasi ya umeme ya kawaida, ila lazima uipime kwa kipimajoto, kwa sababu alama zilizoandikwa kwenye pasi ya dukani haziaminiki. Unapita mara ya kwanza kwa nyuzi 120 hivi, mara ya pili 150, na mara ya mwisho 177. Ukizidisha hapo, kitambaa kinaanza kulegea na hakirudi tena. Nilimpa kazi hiyo msichana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu alikuwa na mkono mtulivu kuliko sisi sote, na alikaa siku nzima akipitisha pasi kutoka katikati kwenda pembeni, akisimama kila mara kupima joto upya bila kuambiwa.

Baada ya hapo kinakuja kile ninachokipenda. Gundi pekee haitoshi kushikilia kitambaa kwenye bawa, kwa kuwa upande wa juu hewa inakivuta kutoka nje muda wote ndege ikiruka. Kila ubavu unashonwa kwa uzi uliopakwa nta, sindano ndefu ikipenya kutoka juu hadi chini na kurudi, na kila mshono unafungwa kwa fundo lililotoka kwa wavuvi wa nyavu. Tunafanya kazi hiyo wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini. Mafundo yanazama ndani, yanafunikwa kwa utepe, na mtu akiangalia kwa nje haoni kitu isipokuwa mistari ya vijinundu vidogo. Mvuvi wa Kigamboni akiletwa hangani ataifahamu kazi hii kabla ya rubani wa Boeing.

Sasa kuhusu uasili, maana hapa ndipo mimi na Kapteni tulipovutana kweli kweli. Kila bawa la Super Cub linashikiliwa na nguzo mbili za chuma zinazotoka chini ya mwili. Nguzo za zamani hazikuzibwa, kwa hiyo maji ya mvua na umande huingia, hushuka, na hula chuma kutoka ndani. Kwa nje unaona rangi safi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa maelekezo ya lazima kuhusu nguzo za ndege hizi za Piper: zipimwe kila baada ya muda, au zibadilishwe kwa zilizozibwa. Za kwetu zilikuwa zinapita kipimo. Kapteni alisema, "Zimepita, Fundi. Zimetoka kiwandani na ndege hii, na namba zake zinalingana. Ukiniwekea mpya, nitabaki na nini cha asili?"

Nilimheshimu kwa swali hilo, na bado naliona ni swali zito. Wapo watunzaji hodari duniani ambao wangekuwa upande wake. Jibu langu lilikuwa kwamba kuna vitu kwenye ndege vinavyobeba historia na kuna vitu vinavyobeba watu, na nguzo za mabawa ziko kundi la pili. Paneli ya vyombo ya mwaka ilipozaliwa, kishikio cha usukani kilichomenyeka kwa viganja vya marubani waliopita, kibati cha namba ya kiwandani, vile vibao vidogo vya maandishi ya zamani: hivyo nitavilinda mpaka mwisho, na nimekataa mara nyingi kuweka skrini za kisasa pale mbele kwa sababu tu zinapatikana. Lakini nguzo ikikatika angani hakuna kitakachobaki, cha asili wala cha kisasa. Mazungumzo yalichukua muda, na chai nyingi. Mwishowe tuliweka nguzo zilizozibwa, na zile za zamani tukazipaka mafuta, tukazifunga kwenye turubai na kuzitundika ukutani zikiwa na lebo. Kama siku moja ndege hii itapelekwa makumbusho ikapumzike, zitarudishwa mahali pake. Nadhani kila mtunzaji wa ndege inayoruka anapaswa kuwa na ukuta wa namna hiyo.

Kebo za usukani nazo ni za kundi la pili. Hupita kwenye makapi, yaani magurudumu madogo ya kuziongoza, na pale zinapopinda ndipo nyuzi zake huanza kukatika. Jicho halitoshi. Chukua kitambaa cha pamba, kishike kuzunguka kebo, ukivute taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Palipokatika uzi mmoja kitambaa kitanasa. Ni kazi ya dakika chache na nisingemruhusu mtu aiache. Mkono unahitajika pia kwa sababu ya ndege wa manyoya. Watu wa Arusha wanajua kaburi la Michael Grzimek, mtafiti wa wanyamapori kutoka Ujerumani, pale ukingoni mwa Ngorongoro. Alikufa tarehe 10 Januari 1959 akiwa peke yake kwenye Dornier Do 27 iliyochorwa mistari ya pundamilia, ile ambayo yeye na baba yake Bernhard walihesabia wanyama wa Serengeti, baada ya kugongana na tumbusi. Ndege hizi huruka katika kimo kile kile ambacho ndege wa manyoya nao huruka. Kwa hiyo kila Super Cub ikirudi kutoka porini napitisha mikono yangu kwenye ukingo wa mbele wa mabawa na mkia mzima, hata kama Kapteni anasema hakusikia kitu.

Kuna mambo ya huku ambayo vitabu vya Lock Haven havikuyafikiria. Dondora hujenga kwa udongo ndani ya mrija wa kupimia mwendo, na wana haraka: ndege ikiachwa bila kifuniko mchana mmoja tu, inaweza kuruka kesho yake ikiwa haijui mwendo wake. Vumbi la huku ni la volkano, laini, linapenya chujio la hewa lililochakaa na kusaga silinda. Na ikitua maeneo ya Natron au Manyara, siku hiyo hiyo ioshwe kwa maji safi, tumboni hasa, kwa sababu magadi yakikauka kwenye maungio ya bomba za chuma hayatoki kwa kufuta.

Urushaji wenyewe ni kazi ya Kapteni, lakini kuna hesabu moja tunayoifanya pamoja. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, Moshi karibu 850. Mchana wa Februari joto likifika nyuzi 28 hapa Kisongo, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba tuko mita 2,200. Injini yenye nguvu farasi 150 inabaki na kama 120, propela inashika hewa kidogo, na bawa nalo linadai mwendo zaidi. Ndege mpya zenye injini kubwa zinaficha hesabu hii. Ya zamani inakuonyesha wazi. Ndiyo maana Kapteni huondoka alfajiri, hupunguza kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa ili injini isisongwe, na abiria mzito huambiwa kwa adabu asubiri siku nyingine.

Karatasi nimeziacha karibu na mwisho, ingawa thamani yake ni nusu ya ndege. Daftari za kumbukumbu za Super Cub hii zina miandiko ya mafundi wa nchi tofauti, baadhi wameshafariki, na ndani yake unaona kila silinda ilibadilishwa lini, kila ajali ndogo ilirekebishwa vipi. Spea isiyo na karatasi ya kuonyesha ilikotoka siifungi, hata ikiwa inang'aa na bei ni nusu. Madaftari tumeyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na yenyewe yanakaa kwenye sanduku la bati, maana mchwa wa hapa hawachagui.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni mafuta. Super Cub inakunywa avgas, petroli ya ndege, yale ya rangi ya samawati, yenye madini ya risasi. Miaka ya nyuma ndege nyingi za watalii zilikuwa na injini za pistoni, na kila aliyekuwa akiuza mafuta alikuwa nayo. Caravan zina injini za turbini na zinatumia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo soko la avgas linavyopungua. Marekani imeweka lengo la kuachana na mafuta yenye risasi kufikia mwisho wa 2030. Kwa injini yetu hilo lina upande mzuri, kwani iliundwa kwa mafuta ya daraja la chini zaidi, na risasi nyingi hutengeneza vijiwe kwenye plagi za chini ambavyo inabidi nivichokoe kila mara. Lakini mafuta mapya lazima yafike huku, kwa wingi unaotosha na kwa bei ambayo mtu binafsi anaweza. Wapo wanaotushauri tujaze petroli ya kituo cha magari. Siafiki. Hatuna njia ya kujua kila pipa lina nini ndani, na kwenye joto na kimo cha huku petroli ya gari hugeuka mvuke ndani ya bomba kirahisi zaidi. Tumeanza kuzungumza na wenye ndege wengine wa pistoni, wa hapa na wa Moshi, ili tuagize pamoja.

Ukaguzi wa mwaka unaanza mwezi ujao. Gasketi na vichujio vimeshafika, mkia tutauvua kitambaa safari hii kwa sababu kipimo kimeanza kushuka upande unaopigwa na jua la jioni, na yule msichana, ambaye sasa yuko hatua za mwisho kupata leseni yake, ndiye atakayeongoza kazi. Mimi nitashika sindano upande wa chini.